Umeapdeti apu ya mziki na pleilisti hazionekani? Soma hii kabla hujafuta kitu

Kama sa hivi umeshika simu na unataka kufuta data ya apu au kuiondoa ili uinstol upya, ngoja kwanza. Usifute data, usiondoe apu. Apu nyingi za mziki zinatunza pleilisti ndani ya data yake yenyewe, sehemu ya simu ambayo hata ukiingia na faili meneja huioni, na ukiiondoa apu Android inaisafisha ile sehemu yote. Nyimbo zako zitabaki kwenye memori kadi kama zilivyo, ila ule mpangilio uliokuwa unaupanga kidogo kidogo ndo hautarudi. Pleilisti nyingi nilizoletewa zilikuwa zimejificha tu, zikaja kufa kweli kwa sababu mwenye simu alikimbilia kuinstol upya.

Na hili jambo huku kwetu Mtwara na Lindi lina uzito wake. Mziki wetu mwingi unakaa kwenye simu na kwenye flashi, hatusikilizi kwa bando, maana bando linaisha na ukipanda Newala au ukiwa njiani kwenda Liwale kuna vipande mtandao haushiki. Mei 2024 tuliona wote, kimbunga Hidaya kimepita barabara ya Dar ikakatika huko Somanga, siku chache baadae nyaya za intaneti za baharini nazo zikapata hitilafu mtandao ukazorota nchi nzima, aliyekuwa na nyimbo zake kwenye kadi ndo aliyeendelea kusikiliza. Afu kuna watu mziki ndo kazi yao. Kuna jamaa yangu anapiga mziki kwenye sherehe za kutoa wali, yani vijana wanaotoka jandoni na unyagoni, huko Tandahimba, ana pleilisti ya wali wakitoka, ya watu wakitunza, ya chakula, ya usiku watu wazima wakishabaki wenyewe, kila moja imepangwa wimbo kwa wimbo. Apdeti ikaingia yenyewe usiku, asubuhi ile sehemu ya kusogeza nyimbo kwa kidole haipo na nyimbo zimejipanga kwa alfabeti. Mtu kama huyo umemvurugia kazi kabisa, na anayetengeneza apu wala hajui kama Tandahimba kuna mtu analia.

Kwanza jua kama ni simu yako au ni wao

Ingia Play Store, fungua ukurasa wa ile apu, soma wameandika nini kipya, afu shuka kwenye maoni na uyapange mapya yaanze. Ukikuta watu kibao wanalalamika jambo lilelile na tarehe zinafuatana na apdeti yako, basi tatizo liko kwao, na hapo soma majibu ya mtengenezaji kama yapo maana mara nyingi anasema wazi kama ni hitilafu itarekebishwa au kitu wamekiondoa makusudi. Ukikuta hakuna anayelalamika ila wewe, tatizo lina uwezekano mkubwa liko kwenye simu yako na linarekebishika.

Wakati huohuo piga picha za skrini. Kila pleilisti inayofunguka, ifungue, shuka nayo mpaka chini na uipige picha yote, simu nyingi za Tecno, Infinix na Samsung zina picha ndefu inayoshuka yenyewe. Inaonekana kama jambo dogo ila mambo yakiharibika zaidi, hizo picha ndo zitakuambia wimbo wa tano ulikuwa upi. Afu tafuta ndani ya mipangilio ya apu kama kuna sehemu ya bakapu au ya kutoa pleilisti kama faili, ukiikuta itumie sa hivi, hata kama pleilisti zenyewe zinaonekana zimeharibika.

Nyimbo zenyewe hazionekani, au zinaonekana nusu

Hii ndo nyepesi. Karibu kila mara ni ruhusa. Kuanzia Android 13 ya mwaka 2022 ile ruhusa moja ya mafaili iligawanywa, picha na video zikawa na yake, mziki na sauti ikawa na yake. Apdeti ikishaingia apu inaweza kukuuliza upya, wewe una haraka unabonyeza kataa, basi haioni wimbo hata mmoja, na pleilisti isiyoona nyimbo inajionyesha tupu au inajificha. Pia Android 11 na kuendelea ina tabia ya kuziondolea ruhusa apu ambazo hujazifungua miezi kadhaa. Nenda Mipangilio, Programu, chagua apu yako, Ruhusa, washa mziki na sauti, ifunge apu kabisa ndo uifungue tena.

Kama ruhusa ipo na bado nusu ya nyimbo hazipo, angalia hizo zilizopotea zinakaa foda gani. Apdeti nyingine zinarudisha chaguo la foda za kuskani kwenye mwanzo, ile kadi yako inakuwa haijachaguliwa tena. Au kuna faili linaitwa .nomedia ndani ya foda, hilo linaiambia simu isionyeshe chochote kilichomo humo, na linaingia sana kwa watu waliokopi foda nzimanzima kutoka simu nyingine. Lifute hilo faili, washa upya simu, subiri iskani. Na ikitokea kinyume chake, yani zimeingia na voisi noti za WhatsApp na milio ya simu katikati ya mziki, ni hapohapo kwenye chaguo la foda, zitoe hizo foda au weka isisome sauti zisizofika sekunde 60.

Wanaosikiliza kwa mtandao, angalia kwanza umeingia kwa imeili ipi. Apdeti ikikutoa nje na wewe ukaingia na imeili nyingine unakuta akaunti mpya haina kitu. Na zile ulizopakua, kwa mfano Spotify, zinataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, ukipitiliza hazipigi, hata kama hakuna apdeti iliyoingia.

Jina la pleilisti lipo, ndani tupu

Hapa nitakaa kidogo maana ndo linalosumbua wengi, na ukilielewa hili hakuna apdeti itakayokutesa tena sana.

Pleilisti haina nyimbo ndani yake. Ni kama karatasi ya kualika watu harusini, imeandikwa majina na wanapokaa, mtu akihama nyumba karatasi bado ina jina lake ila ukienda kugonga hodi hayupo. Faili la pleilisti linaloeleweka na apu nyingi linaitwa M3U, na ni maandishi matupu, kila mstari mmoja ni mahali wimbo ulipo. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo tu. Ukilifungua kwa apu yoyote ya kuandika maandishi utakuta kitu kama hiki:

#EXTM3U
/storage/1A2B-3C4D/Music/Harusi/01 kuingia.mp3
/storage/1A2B-3C4D/Music/Harusi/02 keki.mp3

Hizo herufi na namba za katikati, 1A2B-3C4D, ni kitambulisho cha memori kadi. Ukifomati kadi kinabadilika. Ukinunua kadi mpya ni kingine. Ukihamishia nyimbo kwenye simu inakuwa /storage/emulated/0/ badala yake. Kwahiyo watu wengi wanailaumu apdeti kumbe siku hiyohiyo walibadilisha kadi, au apdeti imeilazimisha apu kuskani upya na ndo ikagundua kwamba zile njia za zamani hazifiki popote, mwanzo ilikuwa inatumia kumbukumbu yake tu.

Dawa yake, fungua faili kwenye kompyuta au kwenye simu, tumia ile ya kutafuta na kubadilisha, weka kitambulisho kipya badala ya cha zamani mistari yote kwa mpigo, sevu, afu iambie apu iiingize upya. Kama hujui kitambulisho kipya, ingia faili meneja, chagua wimbo wowote ulio kwenye kadi, bonyeza maelezo yake, njia nzima imeandikwa pale.

Ila ukishaifungua hiyo karatasi fanya jambo la kudumu. Weka faili la M3U ndani ya foda ileile yenye nyimbo, afu futa njia yote ubakize jina la wimbo tu:

#EXTM3U
01 kuingia.mp3
02 keki.mp3

Hapo apu inatafuta nyimbo palepale faili lilipo. Uhamishe foda nzima kwenye kadi nyingine, simu nyingine, laptopu, inaendelea kufanya kazi. Sijui kwanini apu nyingi hazitoi pleilisti hivi zenyewe, ingewaokoa watu wengi sana.

Vitu viwili vya kuangalia. Kama faili lilitengenezwa kwenye Windows linaweza kuwa na D:\ mwanzoni na mikwaju imelala upande wa pili, simu inataka huu /. Na kama majina ya nyimbo yana herufi za Kiarabu au zenye vialama juu, sevu kwa UTF-8 (namna ya kusevu maandishi inayobeba herufi za lugha zote) na ulipe faili mwisho wa .m3u8, vinginevyo hizo nyimbo tu ndo zitakuwa hazionekani na utahangaika kutafuta sababu.

Kila kitu kipo ila kile ulichokizoea hakipo

Hii ndo inauma, kwa sababu hujaharibu kitu na hakuna cha kurekebisha kwenye simu. Umeamka, kusogeza kwa kidole hakuna. Kuchagua nyimbo nyingi kwa mpigo na kuziingiza hakuna. Pleilisti iliyokuwa inajijaza yenyewe na nyimbo mpya hakuna. Kutoa pleilisti kama faili hakuna, au ipo ila sasa inataka ulipie.

Kabla hujakata tamaa, hakikisha kweli imeondolewa. Kusogeza kwa kidole kwenye apu nyingi kunaonekana tu pleilisti ikiwa imepangwa kwa mpangilio wako mwenyewe, apdeti ikiurudisha upangaji kwenye alfabeti au tarehe ile mistari ya kushikia inapotea. Ingia kwenye kupanga, chagua mpangilio maalum, ona kama inarudi. Kuchagua nyingi siku hizi mara nyingi wanakuficha nyuma ya kubonyeza wimbo mmoja na kushikilia. Kutoa faili angalia kwenye vidoti vitatu ukiwa ndani ya pleilisti yenyewe na pia kwenye mipangilio mikuu, maana wanapenda kuhamisha huku na huku.

Kama kweli haipo, basi kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza inatoka Android yenyewe. Zamani simu ilikuwa na sehemu moja ya kutunza pleilisti ambayo apu zote zinaweza kuisoma, unatengeneza kwenye apu hii unaiona kwenye ile. Toka Android 12 ya mwaka 2021 Google wamewaambia watengenezaji wasiitegemee tena ile sehemu, watumie mafaili ya M3U. Na kabla ya hapo, Android 10 na 11 zilishabana apu zisizurure kwenye mafaili ya simu kama zamani. Mtengenezaji mwenye bidii aliandika upya sehemu ya pleilisti. Mwingine aliona kazi kubwa akaikata. Sababu ya pili ni uamuzi tu, wanataka apu iwe nyepesi kwa mtu mpya au wanataka ulipie. Hili ni la siku nyingi, hata Apple kwenye programu yao ya mziki, iTunes 11 ya mwaka 2012, waliitoa iTunes DJ, ile iliyokuwa inakupangia foleni ya nyimbo yenyewe, watu wakiwa bado wanaipenda, na Google Play Music yote ilifungwa mwaka 2020. Mimi naona mtu akishakupa kitu ukajenga kazi yako juu yake, akitaka kukiondoa akuambie mapema na akupe njia ya kutoa vitu vyako. Hilo ndo dogo kabisa ambalo tunaweza kudai.

Kurudi toleo la zamani

Watu wengi wanaruka hapa moja kwa moja, na inawezekana, ila ina mitego. Android haikubali toleo la chini likae juu ya toleo la juu, lazima uiondoe apu kwanza, na tumeshasema ukiiondoa nini kinaenda. Kwahiyo toa bakapu au M3U kabla. Na ujue bakapu iliyotolewa na toleo jipya inaweza isisomeke na toleo la zamani, M3U inasomeka, ndo maana naisisitiza hiyo.

Faili la apu la toleo la zamani usilipokee kutoka kwenye grupu la WhatsApp. Kuna dada mmoja hapa Mikindani alitumiwa moja, akaniuliza, "Kaka, hii mbona inataka kusoma meseji zangu?" Nikamwambia dada yangu ifute sa hivi, apu ya mziki haina shida na meseji zako, na kwenye meseji ndo kuna mambo yako ya pesa. Kama mtengenezaji ana tovuti yake yenye matoleo ya nyuma chukua hapo. Ukiwa na Android 14 au juu yake, apu za zamani sana simu inazikataa kabisa, usipoteze muda.

Ukifanikiwa kurudi, zima apdeti ya hiyo apu peke yake: Play Store, ukurasa wa apu, vidoti vitatu juu, toa tiki kwenye kusasisha yenyewe. Usizime za simu nzima, apu za benki na za pesa ziache ziendelee kuapdetiwa.

Kuhama

Mi ushauri wangu kwa mtu ambaye mziki ni kazi yake, ahame, asikae kwenye toleo la zamani akisubiri. VLC ni ya bure, inasoma M3U na haina matangazo. Musicolet nayo haiombi intaneti kabisa, inakuachia utembee kwa foda na inatunza foleni (nyimbo zinazosubiri kupigwa) zaidi ya moja, kwahiyo unaweza kuwa na foleni ya chakula na foleni ya kucheza ukaruka kutoka moja kwenda nyingine bila kupoteza ulipofika. Yoyote utakayochagua, ijaribu na pleilisti moja ndogo kwanza, uone kama ukipanga kwa mkono ukafunga simu na kuwasha mpangilio unabaki.

Kama apu ya zamani haikuachii utoe kitu chochote, rudi kwenye foda. Tengeneza foda moja kwa kila pleilisti, kopi nyimbo ndani, zipe namba mwanzoni mwa jina. Namba ziwe na sifuri, 01, 02, 03, na kama zinavuka 99 anza na 001, vinginevyo apu nyingi zitapanga 1, 10, 11, 2. Utasema nafasi, lakini wimbo wa dakika nne wa ubora wa 128 kbps ni kama MB 4 hivi, nyimbo 200 hazifiki GB moja. Angalia pia apu inapanga kwa jina la faili au kwa namba ya wimbo iliyoandikwa ndani ya faili, hizi za kudownload namba za ndani mara nyingi ni za ovyo, chagua jina la faili.

Faida ya foda ni kwamba inapiga hata kwenye sabufa na redio ya gari, ila na huko kuna ugonjwa wake. Sabufa nyingi za bei ya chini hazijali jina wala namba, zinapiga kwa mpangilio nyimbo zilivyoingia kwenye flashi. Kwahiyo usikopi zote kwa mpigo, zikopi kwa kufuatana, 01 iingie kwanza, afu 02, na ukitaka kubadilisha mpangilio futa zote uanze upya. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, zile za zaidi ya GB 32 mara nyingi zinakuja na fomati nyingine inaitwa exFAT na sabufa kibao hazisomi, unaweka inakuonyesha haina kitu.

Kuna moja ndogo nimeisahau juu: apdeti imeingia afu mziki unakata skrini ikizima. Hiyo ni betri. Simu inaiua apu ikiwa nyuma ili kubana chaji. Mipangilio, Programu, apu yako, Betri, weka isibanwe. Kwenye Tecno na Infinix angalia pia ile apu ya kusafisha simu iliyokuja nayo, ina orodha yake.

Kuwaandikia

Nyota moja na "mmeharibu" haisaidii, wanaipita. Andika toleo lililokuwa linafanya kazi na hili jipya, aina ya simu, Android ya ngapi, kitu gani hakipo na ulikuwa unakitumia kufanya nini. Kiingereza kisikutishe, Kiswahili wanatafsiri. Mfano: "Nina toleo hili kwenye Tecno ya Android 13. Toka apdeti ya wiki hii siwezi kusogeza nyimbo ndani ya pleilisti. Napiga mziki kwenye sherehe na mpangilio ndo kazi yangu. Naomba mrudishe, na kama hamrudishi naomba mniwekee kitufe cha kutoa pleilisti kama M3U." Weka kwenye maoni ya Play Store na pia tuma kwenye imeili yao iliyo chini ya ukurasa wa apu, maana maoni yanapotea kwenye wingi ila imeili kuna mtu anaifungua.